Watu Waliokaangwa

Kwa miaka sita kijiji kizima cha Tolorokaha kilitucheka, na mimi ndiye niliyekuwa sababu.

Tulikuwa nyumba saba tu tulioacha matambiko ya msitu wa miiko tukamfuata Yesu. Kanisa letu lilikuwa banda la udongo lenye paa la nyasi, mwisho wa kijiji, upande wa mashamba ya viazi vikuu. Mmisionari aliyetuletea Habari Njema alikuwa Mmarekani mmoja mrefu aitwaye Halvorsen. Jina hilo halikutamkika vinywani mwetu, tukamwita Alivo. Mimi, Nanga, nilikuwa mwinjilisti wake. Yeye alisoma nyimbo katika kitabu cha kwao, akanieleza maana; mimi nikatafuta maneno ya kwetu; kisha tukayabana maneno hayo ndani ya tuni za kwao mpaka yakaenea. Jumapili alikanyaga kinanda chake cha kukunja, mimi nikaongoza, na nyumba saba zikaimba kwa nguvu zote.

Shida ni kwamba Kisenufo, lugha yetu, hakisemwi kwa midomo peke yake. Sauti hupanda na kushuka, na neno lile lile ukilipandisha mahali pa kulishusha, umesema kitu kingine kabisa. Tuni za akina Alivo zilipanda zilikotaka zenyewe. Wimbo wetu mkubwa, ule wa kufungulia ibada, ulitakiwa kusema, "Yesu ametuokoa." Ulivyotoka vinywani mwetu ulisema, "Yesu ametukaanga."

Nilijua tangu Jumapili ya kwanza. Lakini Alivo alikuwa amefumba macho, anakanyaga kinanda, uso umemjaa furaha, nikaona haya kumwambia. Jumapili ya pili nikaona haya zaidi. Ukishanyamaza mwaka mzima, unaanzia wapi?

Basi wakatuita Waliokaangwa. Mke wangu Mawa akienda kuchota maji, wanawake walimuuliza kama mwaka huu tunakaangwa kwa mafuta ya karanga au ya ufuta. Aliwajibu kwa tabasamu, na akifika nyumbani akanitupia mimi hasira zote. Hakuna mtu mpya aliyejiunga nasi katika miaka ile. Nani ataacha heshima ya ukoo wake aende kukaangwa?

Mama yangu mzazi alikuwa na mdogo wake aitwaye Wanyime. Huyo hakuwa Mkristo. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali wa maneno, na zamani za usichana wake alikuwa mwimbishaji wa wakulima. Vijana wa kijiji walipolima kwa msaragambo, marimba zikiwa nyuma yao, yeye alisimama kando ya wapigaji akiimba. Alimtaja mtu kwa jina, akamsifu baba yake, akaudhihaki mgongo wake, na mtu huyo alilima mpaka akasahau njaa. Wazee walisema sauti ya Wanyime imeinua matuta mengi kuliko mwanamume yeyote wa Tolorokaha.

Aliacha kuimba mwaka aliofiwa. Mume wake alikuwa mchimba visima, na siku moja kisima alichokuwa akikichimba kilimporomokea. Alizikwa na udongo mpaka shingoni, akawa anaita. Watu walijaa pale juu na kamba mikononi, kila mmoja akimtazama mwenzake, kwa sababu ukuta ulikuwa bado unamwagika. Hakushuka mtu. Saa sita mchana akawa haiti tena.

Sasa, Jumapili moja ya kiangazi, tuko katikati ya ubeti wa pili, nikamwona mama mdogo mlangoni. Alikuwa amebeba kigoda chake mwenyewe. Akakiweka chini, akakaa, akasikiliza kidogo.

"Nanga," akasema, "hebu nyamaza."

"Mama mdogo, tuko kwenye ibada."

"Naona. Miaka sita napita hapa nikienda shamba, na kila nikipita mnakaangwa. Hamjaiva tu?"

Watoto waliangua kicheko. Mawa alijifunika uso kwa nguo yake, na nikaona mabega yake yanatikisika. Alivo aliacha kukanyaga kinanda, akawa ananitazama ili nimfasirie. Sikumfasiria.

"Mlikuwa mnataka kusema nini hasa?" akauliza mama mdogo.

"Kwamba Yesu ametuokoa."

"Ametuokoa wapi? Alitukuta tumekaa wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nilisema lililokuja mdomoni. "Ni kama mtu aliyekuwa kisimani," nikasema, na mara tu neno hilo liliponitoka nilitamani kulirudisha. Mawa aliacha kucheka.

Wanyime hakukasirika. "Kisha?"

"Kisha yeye akashuka."

"Akashuka mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama mdogo."

"Ukuta ukiwa unamwagika?"

"Ukiwa unamwagika. Na ulimfukia. Lakini alitoka, na aliyekuwa chini akatoka naye."

"Alikuwa mtumwa, huyo aliyetumwa kushuka?"

"Alikuwa mtoto wa mwenye shamba. Mtoto wa pekee."

Alikaa, mikono juu ya magoti. Nakumbuka nzi mmoja alikuwa akitembea kwenye kidole chake na yeye hakumfukuza. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Habari kama hiyo mmekuwa nayo humu ndani miaka sita, na mnaiharibu."

Akaanza kuimba, amekaa pale pale kwenye kigoda. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi.

*Nilikuwa chini, nani alishuka?*
*Walisimama juu, nani alishuka?*
*Mtoto wa mwenye shamba, ndiye aliyeshuka.*
*Alinishika mkono, tukapanda wote.*

Kila neno lilikaa mahali pake. Lililopanda lilipanda, lililoshuka lilishuka. Kwa mara ya kwanza ndani ya banda lile, mtu aliimba jambo na jambo lenyewe likasikika. Aliporudia, wanawake walimwitikia bila kufundishwa: "Ndiye aliyeshuka." Mara ya tatu hata watoto. Mimi niliitikia huku machozi yananichuruzika, kwa aibu na kwa furaha, sijui ipi ilitangulia.

Mzee Doh, mzee wa kanisa letu, ndiye aliyeinuka kuzuia. "Huo ni mdundo wa jembe," alisema. "Ndani ya mdundo huo kuna marimba, kuna pombe, kuna matambiko ya msituni. Hayo tuliyaacha. Tusiyarudishe kwa mlango wa nyuma."

"Jembe lenyewe mbona hukuliacha, Doh?" akauliza Wanyime. "Au siku hizi mnalima kwa vidole?"

Akachukua kigoda chake, akaenda zake shamba.

Watu walipotawanyika Alivo alinishika mkono. "Nanga, yule mama amesema nini kuhusu kukaanga?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza, masikio yakizidi kuwa mekundu.

"Miaka sita?"

"Miaka sita, Bwana Alivo."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na furaha sana."

Alikaa kwenye benchi. Nilidhani amevunjika moyo, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akanyamaza, akacheka tena, halafu akapangusa macho akasema, "Kesho asubuhi nipeleke kwake."

Asubuhi tulimkuta Wanyime anabambua karanga. Alivo alikaa chini, wala si kwenye kigoda alichopewa, akamwambia kwa Kisenufo chake cha kuvunjikavunjika kwamba amekuja kufundishwa kusikia. Wanyime alimsemesha maneno mawili yanayofanana kwa midomo lakini yanayotofautiana kwa sauti. Alivo akayarudia. Akayarudia tena. Lundo la maganda ya karanga likakua. Mpaka jua linapanda alikuwa amepata moja.

"Huyu masikio yake ni mawe," mama mdogo aliniambia tulipoaga. "Lakini ana adabu. Mlete kesho."

Nilimpeleka kesho yake na kesho kutwa, na baada ya muda hakuhitaji kupelekwa. Jumapili Wanyime alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni pale pale, si ndani wala si nje, na kila Jumapili aliniuliza habari moja ya Yesu. Nikimsimulia, Jumapili iliyofuata alikuja na wimbo. Mzee Doh alikaa mbele amekunja mikono, hakuitikia hata mmoja.

Ndipo mvua za kwanza zilipokuja, na mjomba Gbon akasikia.

Gbon alikuwa kaka yao Wanyime na mama yangu, mkubwa wa nyumba yetu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ndiye pia aliyekuwa kiongozi wa chama cha wakulima, vijana arobaini wenye majembe mapana, na katika enzi zake hakuna aliyemtangulia kufika mwisho wa shamba. Nilipobatizwa alikata msaada wa chama, kwangu na kwa zile nyumba nyingine zote. Tangu hapo tulilima peke yetu, tukavuna kidogo. Sasa alimjia dada yake uani, mimi nikiwepo.

"Wanyime, nasikia umerudi kuimba."

"Umesikia vizuri."

"Nilikuomba miaka mingapi urudi kuimba kwenye chama? Ulisema sauti imekufa. Leo imefufuka kwa Waliokaangwa?"

"Wao walinipa kitu cha kuimba."

Gbon aliuma mdomo. "Basi chama hakitalima shamba lako mwaka huu. Ukiwaacha, kesho nakuja na vijana arobaini. Usipowaacha, hao wa kukaangwa wakulimie."

"Kaka, mimi nilikuwa sijaingia kwao. Nilikuwa mlangoni." Alisimama, akakung'uta nguo. "Ila sasa umenisukuma, nimeingia."

Shamba lake la juu lilikuwa kubwa. Chama kilikuwa kikilimaliza kwa siku moja; sisi nyumba saba lingetuchukua wiki mbili, na mvua hazingetungoja. Hata hivyo Jumatatu alfajiri tulikuwa pale, wanaume kumi na mmoja ukimhesabu na Alivo, aliyeshika jembe kama mtu aliyeshika nyoka. Wanawake walileta maji na uji. Mzee Doh naye alikuja. Alikuwa na msimamo wake kuhusu nyimbo, lakini hakuwa mtu wa kumwacha mjane na shamba lisilolimwa.

Jirani tu, ng'ambo ya mfereji, chama kilikuwa kinalima shamba la Gbon mwenyewe. Nadhani alipanga siku ile makusudi tuone. Majembe arobaini yaliinuka na kushuka kwa pamoja, marimba tatu nyuma yao zikiwachapuza. Sisi kila mtu aliinua jembe kwa wakati wake. Mpaka uji unaletwa tulikuwa tumeinua matuta sita yaliyopinda, na viganja vya Alivo vilikuwa vimechubuka.

Toka ng'ambo mtu alipaza sauti, "Nyie Waliokaangwa, geukeni upande wa pili."

Arobaini wakacheka.

Wanyime aliweka kibuyu cha maji chini. Akaja akasimama mbele yetu, pale anaposimama mwimbishaji. Niliwahi kumwona amesimama hivyo nikiwa mtoto mdogo, na mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Alianza na wimbo wa kisima. Sisi tukaitikia, majembe yakakutana ardhini kwa kishindo kimoja: ndiye aliyeshuka. Kisha akaanza kututaja. Na wa kwanza kumtaja hakuwa mimi.

*Doh, mwana wa Fonigi, uliyemnyima shetani ngoma,*
*ukamnyima na Bwana, nani alishuka?*
*Mgongo wako ni mti mkavu, Doh, nani alishuka?*
*Inama tuone kama bado unainama.*

Mzee Doh alisimama akamtazama. Niliogopa ataondoka. Halafu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni pake kwa miaka sita: alikuwa anajizuia kucheka. Alitema mate viganjani, akainama. "Ndiye aliyeshuka," aliitikia, kwa sauti nzito iliyotushangaza sote, na jembe lake likatoboa ardhi mpaka kwenye mpini.

Tulilima. Sijui niseme vipi. Watu kumi na mmoja tukawa mkono mmoja. Alinitaja mimi, mwoga wa maneno niliyemwacha mgeni akaangwe miaka sita. Akamtaja Alivo, mwenye masikio ya mawe na moyo wa uji wa moto. Akamtaja Yesu, akimsifu kama anavyosifiwa mkulima bingwa, aliyelima shamba la baba yake mpaka mwisho bila kunyoosha mgongo. Matuta yalinyooka. Tukamaliza kipande cha kwanza, tukaingia cha pili.

Kisha nikasikia kitu ng'ambo ya mfereji.

Marimba zetu husema. Mpigaji hufuata kupanda na kushuka kwa maneno, na Msenufo akisikia marimba, anasikia maneno yenyewe. Mpigaji mkuu wa chama aliitwa Kafana, na ujanani Kafana alikuwa akimpigia Wanyime. Nadhani mikono yake ilimsikia kabla yeye hajamsikia. Marimba yake iliacha wimbo iliokuwa nao, ikasita, halafu ikasema, wazi kama mtu anayeongea: *Walisimama juu, nani alishuka?*

Na vijana arobaini wakaitikia, majembe yakishuka: "Ndiye aliyeshuka."

Waliitikia mara tatu nzima kabla hawajagundua wanachokisema. Hapo wakasimama. Shamba lote likanyamaza, isipokuwa sisi. Mjomba Gbon aligeuka nyuma.

"Kafana, nani kakwambia upige hiyo?"

"Hakuna, kaka. Ni mikono tu."

Gbon alitutazama. Alikuwa miongoni mwa wale waliosimama juu ya kisima siku ile. Wote tulijua. Alikuwa ameshika kamba, na shemeji yake alikuwa akimwita kwa jina. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo nyumbani, na Wanyime hakuwahi kumlaumu hata mara moja, na pengine kutolaumiwa ndiko kulikomla zaidi. Sasa dada yake alikuwa anaimba mbele yake, na katika wimbo hapakuwa na lawama. Palikuwa na mtu aliyeshuka.

Akashuka kwenye mfereji. Maji yalimfika magotini. Akapanda upande wetu, jembe begani, akaja moja kwa moja kwenye kipande ambacho hakijaguswa, mbele ya dada yake.

"Sikuja kanisani," alisema. "Nimekuja shambani."

"Shamba ndilo hili," akasema Wanyime.

"Basi nitaje."

Alimtaja. Alimtaja kwa jina la ujana wake, jina la ubingwa, ambalo hakuna aliyelitamka kwa miaka kumi na mitano, na sauti yake haikukwaruza tena. Gbon aliinama akalima kama kijana wa miaka ishirini. Nyuma yake, mfereji ulijaa watu wakivuka, majembe juu ya vichwa, na Kafana na wenzake wakipitisha marimba mkono kwa mkono zisilowe.

Jua lilipoanza kushuka, shamba la Wanyime lilikuwa limekwisha. Kisha sote, waliokaangwa na wasiokaangwa, tukavuka kwenda kumalizia la Gbon. Tulikula pamoja jioni ile, viazi vikuu vilivyotwangwa kwa mchuzi wa karanga na kanga sita, na Alivo alilishwa na Mawa kwa sababu vidole vyake vilikataa kukunjika.

Jumapili iliyofuata Mzee Doh alikuwa wa kwanza kusimama. "Nilisema mdundo wa jembe una pombe ndani yake," alisema. "Jumatatu nililima mchana kutwa nao. Sikuona pombe. Nilimwona Bwana." Akakaa. Kafana alikuwa nje na marimba yake, anaona haya kuingia. Doh alitoka akamshika mkono akamwingiza.

Wanyime alibatizwa mwaka ule mtoni, pamoja na watu kumi na wanane. Gbon alisimama ukingoni akitazama. Yeye alichukua miaka mitatu zaidi, na alipokuja alikuja kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na vijana wengi wa chama wakiwa nyuma yake.

Pasaka iliyofuata ubatizo wa Wanyime makanisa ya vijiji kumi na vinne yalikutana mjini Korhogo. Kila kijiji kilikuja na tuni za kigeni na maneno yaliyopinda kama yetu ya zamani. Kumbe hatukuwa peke yetu. Ilipofika zamu ya Tolorokaha, Wanyime alisimama mbele ya umati uliojaa uwanja, mwembamba vile vile, Kafana ubavuni. Aliuliza mara moja tu nani alishuka. Mara ya pili uwanja mzima ulimjibu. Mvua ikaanguka, kubwa, ya Pasaka, na nilitazama nione nani atakimbilia chini ya paa. Hakukimbia mtu. Wazee walivua kofia wakaimba maji yakiwapiga usoni, na wanawake wa vijiji ambavyo hata majina yake sikuyajua walikuwa wanalia na kucheza kwa wakati mmoja.

Asubuhi yake wajumbe wa vijiji vitano walikuwa wamekaa mbele ya nyumba tuliyolala, wanamtaka aende akawatungie.

"Mpunga wangu utapaliliwa na nani?" aliwauliza.

Mjomba Gbon, aliyekuwa amekuja mjini kwa kisingizio cha kununua chumvi, alikohoa pembeni. "Mpunga una wenyewe, chama kipo," alisema. "Wewe nenda."

Alikwenda. Aliondoka kwa vijiji vitano, akapita kumi na kimoja, na alirudi mwisho wa mvua amenenepa, maana kila kijiji kilimchinjia kanga. Tulitoka nje sote kumpokea barabarani, marimba zikiwa mbele, na kabla hajatusalimia alituuliza kwa nini tunaitikia kivivu hivyo.